Chupa ya Hamsini na Tatu

Kila Jumamosi, jua halijapanda juu ya mawe ya Mabatini,
nashuka darajani na chupa moja tupu.
Nainama palepale, kwenye nguzo ya tatu,
ambapo Mirongo huzunguka kidogo
kama mtu aliyesahau alichokuja kukifuata.
Nachota. Nafunga kizibo. Naandika:
tarehe, saa, rangi.

Rangi ndiyo iliyonishinda.
Mwanzo niliandika kahawia, basi.
Baadaye: chai iliyolala.
Baadaye: oili chafu ya Lubango.
Siku moja ya Machi niliandika zambarau.
Nyanzobe akanicheka, mpaka aliposhuka kuona mwenyewe.
Akanyamaza, akachukua kalamu,
akalipigia lile neno mstari.

Sikuzaliwa mtetezi wa mto.
Mimi ni muuza chupa tupu, kwa kilo.
Za juisi, za mafuta ya alizeti, za maji ya wageni.
Zilizopasuka sikuziuza, nilizitupa.
Wapi? Usiniulize wapi.
Mvua ilijua.
Usiku mmoja ilinirudishia zote mlangoni,
pamoja na godoro la mtu, kandambili moja ya kushoto
na kuku wawili wa Mama Kwandu, wamekufa.
Maji yalipanda hadi kitandani kwa mwanangu
yakiniita kwa jina la biashara yangu.

Tukaanza wanne. Tukawa kumi na mmoja.
Lubango alikuja kugomba, kwa nini ameandikwa kwenye chupa;
akaondoka amebeba pipa la kukingia oili.
Mtaani wakatuita Kamati ya Matope.
Jina tukalipokea, tukalichapisha kwenye fulana.

Saini mia tatu na sita.
Za mwisho ni za dole gumba na masizi ya sufuria,
maana wino ulituishia kwa wakaanga dagaa.
Afisa alizipekua, akasema:
Hizi ni hisia. Leteni ushahidi.

Tukampelekea mwaka mzima.
Hamsini na mbili ndani ya toroli,
zikigongana njia nzima kama meno ya mwenye homa.
Tukazipanga mezani kwake, Januari hadi Desemba,
katikati ya majalada na maji yake ya kunywa.
Vizibo vyake vya buluu, vyetu vya buluu;
huenda hata nilizokota nje ya mikutano yake.

Alikuwa na adabu, sitamsingizia.
Akasema bajeti. Akasema mchakato. Akasema wadau.
Koo likamkauka.
Akanyoosha mkono bila kutazama,
na mkono ukasita hewani.

Feni ikizunguka.
Mkono wa serikali ukielea juu ya Julai,
haujui ushike ipi.
Mama Kwandu akasema polepole,
kama anayemwelekeza mgeni msalani:
"Yako ni hiyo ya pembeni, baba.
Wewe unayo ya pembeni."

Hakunywa. Aliandika kitu; sikukiona.
Juzi wanasema bomba la nyuma ya godauni limezibwa.
Lubango anasema limehamishwa tu,
siku hizi linakohoa usiku.
Na ziwa, kule chini, linapokea yote
bila kutoa risiti.

Leo nimeshuka tena. Ya hamsini na tatu.
Safari hii mwanangu ameng'ang'ania kalamu.
Tarehe ameiweza. Saa ameiweza.
Ameinua chupa kwenye mwanga,
ulimi nje, jicho moja amelifumba,
ametazama mpaka mkono ukamtetemeka.

"Mama," ananiuliza,
"rangi ya maji inaandikwaje?"